Daftari Zetu na Utafiti wa Kandarasi Kando ya Hifadhi

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, siku moja kabla ya Mkutano Mkuu wa chama kikuu. Yamechapwa kwa ombi la vyama ambavyo wajumbe wao hawakuwahi kufika.)



Katika ajenda ya kesho ipo hoja ya saba, ambayo kwa maneno machache yasema hivi: taasisi moja ya utafiti, iliyopewa kandarasi ya kuchunguza hali ya jamii na uchumi katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, yaomba kupewa daftari zetu za mapokezi ya pamba za misimu kumi iliyopita. Yaomba pia wanachama wetu wahojiwe majumbani mwao. Bodi imenitaka nieleze utafiti wa namna hii ni kitu gani, huagizwa na nani, hulipiwa vipi, na kwa nini mkulima wa pamba aujali. Sikutakiwa niwaamulie wajumbe, lakini maoni yangu sitayaficha.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba hifadhi zetu zilianza kwa kuhesabu wanyama, si watu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1958 Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya nyika kwa ndege ndogo wakihesabu, na wakaandika kwamba nyumbu ni 99,481. Fedha walizotumia walikuwa wamekusudia kununulia ardhi. Wakuu wa hifadhi wa wakati ule ndio waliowashauri kwamba hesabu ingefaa zaidi kuliko ardhi. Wakaonyesha kwamba nyumbu wanapohama hupita nje ya mipaka mipya iliyokuwa ikipendekezwa. Hata hivyo mipaka ile ikapitishwa, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na Serengeti. Basi tangu mwanzo kabisa twajifunza jambo moja: utafiti waweza kuwa sahihi, na uamuzi ukaenda njia nyingine.

Mwaka 1966 ikaundwa taasisi ya utafiti ya Serengeti, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa simba, fisi, nyumbu, majani na mvua. Hiyo ni elimu kubwa na dunia nzima imeitumia. Lakini meneja wa hifadhi aliyeamka asubuhi akakuta mitego ya waya mia moja kando ya mto hakuweza kupata jibu lake katika elimu ya majani. Alitaka kujua ni nani ametega, kwa nini ametega, anauza wapi, na angefanya nini kama asingetega. Hayo ni maswali ya jamii na uchumi. Aghalabu mamlaka ya hifadhi haina watumishi wa kutosha wa kuyajibu, kwa hiyo huyatoa kwa kandarasi kwa chuo, kwa taasisi au kwa kampuni ya washauri. Mwaka 1988 Shirika la Hifadhi za Taifa, kwa msaada wa African Wildlife Foundation, lilianza kwa majaribio mpango wa Ujirani Mwema, na tangu hapo maswali ya namna hiyo yakazidi, maana huwezi kuwa jirani mwema wa mtu usiyemjua.

Sasa napenda nikae kidogo juu ya mfano mmoja wa nchi jirani, kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo litakalotukuta sisi.

Amboseli, kule Kajiado nchini Kenya, ni mahali penye mabwawa yanayolishwa na maji ya Kilimanjaro yapitayo chini ya ardhi. Wakati wa kiangazi wanyama wote hukusanyika pale, na ng'ombe wa Wamasai vilevile. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti David Western alianza kuchunguza mwendo wa wanyama na wa mifugo kwa pamoja, na mwaka 1973 yeye na mchumi Philip Thresher wakatoa mpango wa maendeleo ya eneo lile. Hoja yao ilikuwa ya kiuchumi. Walisema wageni wanakuja kwa ajili ya wanyama. Wanyama wanaishi sehemu kubwa ya mwaka katika ardhi ya wafugaji. Basi ikiwa wafugaji hawapati chochote, siku moja watawafukuza wanyama, na hifadhi itakufa. Hesabu zilizofuata zilikuwa za kushangaza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa kwamba hekta moja ya Amboseli yaweza kuleta faida ya dola 40 kwa mwaka kwa njia ya utalii, na senti 80 tu za dola kwa njia ya kilimo. Simba mmoja alikadiriwa kuvutia wageni wa dola 27,000 kila mwaka. Mwaka 1981 Thresher akaandika kwamba simba dume mwenye manyoya ya shingo, katika maisha yake, huingiza dola 515,000 za fedha za kigeni.

Tazameni, Ndugu Wajumbe, nguvu ya hesabu kama hiyo. Waziri wa fedha akiisoma hawezi kuiacha. Kwa msingi wa hoja hizo Amboseli ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, eneo la kilomita za mraba 392 hivi, na Benki ya Dunia ikatoa mkopo. Wafugaji waliokubali kuyaacha mabwawa waliahidiwa bomba la maji nje ya hifadhi, pamoja na ada ya kila mwaka kwa ajili ya wanyama waliolisha katika ardhi yao.

Bomba likajengwa na ada ikaanza kulipwa. Baada ya miaka michache mitambo ikaanza kushindwa, maji yakapungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ada nayo ikakoma. Wafugaji wakarudisha mifugo yao mabwawani. Nani atawalaumu?

Kosa lilikuwa wapi? Hesabu ya simba haikuwa ya uongo. Lakini hesabu ile ilijibu swali moja tu, yaani simba ana thamani gani kwa nchi. Haikutosha kujibu swali la pili: fedha hizo zitafikaje kwenye boma la mfugaji, nani atanunua mafuta ya pampu mwaka wa kumi, na mfugaji atamshitaki nani pampu ikinyamaza. Thamani kwa taifa na thamani kwa kaya ni vitu viwili. Mkulima anayesikia kwamba tembo ana thamani ya mamilioni, naye amelala njaa kwa sababu ya tembo huyo huyo, haoni hesabu hapo, aona dhihaka.

Wachumi wengine walikuja kuigeuza hesabu upande wa pili. Mwaka 1995 Michael Norton-Griffiths na Clive Southey walichapisha makadirio kwamba ardhi iliyohifadhiwa nchini Kenya ingeweza kuleta faida ya dola milioni 203 kwa mwaka kama ingelimwa na kufugiwa, ambapo utalii na misitu ilileta dola milioni 42. Hawakusema hifadhi zifutwe. Walisema gharama hiyo yabebwa na Wakenya, ilhali dunia nzima ndiyo inayofurahia. Sasa linganisheni: katika hesabu ya kwanza utalii umeshinda kilimo mara hamsini, na katika ya pili kilimo kimeshinda utalii karibu mara tano. Zote mbili zilifanywa na watu wenye elimu. Tofauti ni swali lililoulizwa, na eneo lililopimwa: ya kwanza hifadhi moja kavu yenye tembo wengi, ya pili nchi nzima pamoja na sehemu zenye mvua. Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kuujua utafiti asianze na majibu, aanze na karatasi ya maswali.

Karatasi hiyo katika kandarasi huitwa hadidu za rejea. Ndiyo moyo wa mkataba. Humo mwenye kuagiza husema anataka kujua nini, katika vijiji gani, kwa muda gani, na ripoti iwe na sura gani. Kisha hutangazwa zabuni ya huduma ya ushauri kwa kufuata sheria ya ununuzi wa umma. Taasisi huleta mapendekezo, moja huchaguliwa, na mkataba hutiwa sahihi. Malipo hutolewa kwa mafungu: fungu la kwanza baada ya ripoti ya mwanzo, la pili baada ya rasimu, la mwisho ripoti kamili ikipokelewa. Mtafiti hupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na akiingia katika mambo ya wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori iliyo Arusha. Ndipo wadadisi hufika kijijini na hojaji zao.

Angalieni mahali mwanakijiji anapoingia: mwishoni kabisa, maswali yakiwa yamekwisha kuandikwa na fedha zimekwisha kugawanywa. Aweza kujibu au kukataa, lakini kusema kwamba swali lenyewe si hilo hawezi tena.

Wamarekani wana utaratibu wao ambao baadhi ya sehemu zake zatufaa kuzitazama, si kwa kuwa wao ni walimu wetu, bali kwa kuwa wameufanya kwa muda mrefu. Idara yao ya Hifadhi za Taifa iliundwa mwaka 1916, lakini utafiti wa jamii ulipata nguvu baadaye sana. Tangu mwaka 1999 wana mtandao wa vyuo vikuu vinavyoshirikiana na idara za serikali zinazosimamia ardhi, na vyuo hivyo hukubali kutoza asilimia 17.5 tu kwa gharama za ofisi, kiwango kilicho chini ya kile wanachotoza kwa kawaida. Hilo ni jambo dogo lenye maana kubwa: fedha nyingi zaidi hubaki kwa kazi ya kijijini kuliko kwa viyoyozi vya chuo. Jambo jingine: kule, swali lolote ambalo idara ya serikali ya taifa inataka kuwauliza watu kumi au zaidi wa umma lazima kwanza lipate idhini ya ofisi ya bajeti iliyo chini ya Rais. Watafiti hulalamika kwamba idhini huchelewa. Lakini sababu ya sheria ile ni ya heshima, kwamba muda wa raia anayejibu nao ni gharama, na serikali haina haki ya kuutumia ovyo. Kwetu mkulima huketi saa mbili chini ya mwembe akijibu maswali sabini wakati wa palizi, na hakuna bajeti inayoiandika saa hiyo.

Wao pia ni hodari wa kutoa jumla. Walitangaza kwamba mwaka 2023 wageni milioni 325.5 walitumia dola bilioni 26.4 katika maeneo yanayozunguka hifadhi zao, na kwamba matumizi hayo yalitegemeza ajira 415,400. Tarakimu hizo zimekusanywa kwa uangalifu. Lakini zinaonyesha matumizi, si faida, wala hazitoi hasara ya yeyote. Kwao hilo si tatizo kubwa, maana tembo hatembei usiku katika mashamba ya Montana (ingawa wafugaji wa huko wana manung'uniko yao juu ya mbwa mwitu). Kwetu, hesabu ya mapato isiyotoa hasara ni nusu ya hesabu.

Nirudi basi upande wetu huu wa magharibi ya Serengeti. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2002 juu ya uwindaji wa kitoweo katika vijiji vya huku. Ulikadiria kwamba watu kati ya 52,000 na 60,000 walikuwa wakishiriki katika uwindaji ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa. Uligundua kwamba mwenye mbuzi na kondoo, au mwenye njia nyingine ya kupata fedha, hawindi sana. Asiye na kitu ndiye anayekwenda. Na ulisema jambo ambalo bila shaka halikuwafurahisha wengi waliokuwa wakiendesha miradi: kwamba kushiriki katika mpango wa uhifadhi wa kijamii hakukuonekana kupunguza uwezekano wa mtu kuwinda, na yamkini manufaa ya mpango yalikuwa madogo mno. Huo ndio utafiti ninaouheshimu. Na kwa chama cha ushirika, maana yake ni dhahiri: bei ya pamba, mkopo wa pembejeo, na malipo yasiyochelewa ni mambo ya uhifadhi, hata kama hakuna aliyeyaandika katika mpango wa hifadhi.

Lakini hapo hapo ndipo ilipo hatari. Mdadisi anapokuuliza kama nyumbani kwako huliwa nyama ya porini, na nani huileta, anakuuliza juu ya kosa la jinai. Ukisema ndiyo umejishitaki. Ukisema hapana umeharibu utafiti. Watafiti wenye akili wamelitafutia jambo hili dawa. Katika utafiti mwingine wa Serengeti, uliochapishwa mwaka 2013, hawakumwuliza mtu swali hilo uso kwa uso. Kaya ziligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza walionyeshwa orodha ya shughuli za kawaida za kujipatia riziki, wakaombwa waseme idadi tu ya zile zinazofanywa nyumbani kwao, bila kuzitaja. Kundi la pili walionyeshwa orodha ileile, ila imeongezwa shughuli moja, yaani uwindaji. Tofauti ya wastani kati ya makundi mawili huonyesha ni kaya ngapi zinawinda, na hakuna mtu hata mmoja aliyejulikana. Wakapata asilimia 18 ya kaya. Meneja amepata anachokihitaji, na mwanakijiji hakujitia kitanzi. Namwuliza kila mtafiti anayekuja kwetu: wewe utauliza vipi? Akishindwa kujibu, asiingie katika nyumba za wanachama wetu.

Sasa juu ya hasara ya mazao. Tembo hukanyaga pamba, na hula mahindi, mtama, mihogo na viazi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa watu waliojeruhiwa au kuuawa. Hazikuyaita fidia, na jina lile lilichaguliwa kwa makusudi. Viwango vya kanuni zile vilitegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: lililo ndani ya mita 500 halikulipwa kitu, na lililo zaidi ya kilomita 5 lilifikia shilingi 100,000 kwa ekari, tena ekari zisizozidi 5. Mantiki yake ni kumzuia mtu kulima mlangoni pa tembo. Lakini ipo kaya iliyolima pale tangu enzi za babu, na ipo ambayo haina shamba jingine.

Mtafiti akija kupima hasara hiyo ana vitabu viwili vya kawaida: kumbukumbu za ofisi ya kijiji na kumbukumbu za kichwa cha mkulima. Kumbukumbu za kijiji zina wale tu waliokwenda kutoa taarifa. Aliyekata tamaa hayumo. Kumbukumbu za kichwa huvimba pale mkulima anapodhani kwamba jibu kubwa litaleta malipo makubwa, na husinyaa anapochoka na wageni. Ndipo mtafiti anapozitamani daftari zetu, kwa sababu zimeandikwa kwa mizani, siku kwa siku, na hakuna aliyeziandika akimfikiria tembo. Ana haki ya kuzitamani. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hata hasara yetu ikikosa daftari itapotea bila habari.

Hata hivyo daftari ya pamba haisemi yote. Haioni mahindi yaliyoliwa. Haioni usiku arobaini ambao baba na watoto wamekesha wakipiga madebe, wala mtoto aliyesinzia darasani kesho yake. Na ikitumiwa vibaya, yaweza kutugeukia. Chukulieni kijiji cha kaya 200, na kaya 10 zilizo ukingoni zimepoteza magunia 12 kila moja, yaani kila kitu. Jumla ni magunia 120. Yagawanyeni kwa kaya 200, mtapata sita ya kumi ya gunia kwa kaya. Ripoti itasema kwamba hasara ya wastani ni ndogo, haifiki gunia moja, na ripoti haitakuwa imesema uongo. Lakini kaya 10 zimekwisha. Kwa hiyo hadidu za rejea zikisema wastani kwa kijiji, tumeshindwa kabla ya kuanza. Zikisema mgawanyo wa hasara kwa kitongoji na kwa umbali kutoka mpakani, daftari zetu zitakuwa shahidi wetu.

Nimesikia wajumbe wawili wakisema jana jioni kwamba tukatae moja kwa moja. Naelewa wanakotoka. Walio wazee hapa wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa kwa amri, na ofisi zikafungwa. Hata baada ya sheria ya mwaka 1982 kuruhusu tuanze tena, wapo waliotafuta haki zao za zamani wasizione maandishi. Tangu hapo mtu akisema apewe daftari, moyo hudunda. Lakini kukataa maana yake ni kwamba ripoti itaandikwa bila sisi, kwa kumbukumbu za vichwa na za ofisi peke yake, na meneja wa hifadhi atapanga bajeti yake ya miaka mitano kwa hiyo. Wengine wamesema tudai malipo kwa kila ukurasa. Hilo silipendi. Tukiuza daftari, mnunuzi ndiye mwenye mali, na hatutakuwa na neno tena juu ya matumizi yake. Tudai gharama za karatasi na posho ya makarani wetu watakaonakili, basi.

Kinachofaa kudaiwa ni kingine. Daftari zenyewe zisitoke ofisini. Makarani wetu wanakili kilo za kila msimu na kitongoji, na mahali pa jina waweke namba, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki katika kasha la chama. Kitongoji chenye wakulima watatu au wanne kiunganishwe na cha jirani, maana hapo hata bila jina kila mtu atajua ni nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inatuunga mkono: mwanachama alitupa jina lake ili auze pamba, hakulitoa kwa ajili ya kazi nyingine, na chama kikilitoa bila ridhaa yake chama ndicho kitakachojibu. Ningependa Mrajis aulizwe kabla ya karatasi yoyote kutolewa.

Kisha, maswali juu ya mazao ya chakula na juu ya kulinda usiku yaingizwe katika hojaji. Na jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: rasimu ya ripoti isomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji vilivyohojiwa, na maoni ya vijiji yaambatishwe, kabla ya fungu la mwisho la malipo kutolewa. Liandikwe katika mkataba, si katika barua ya adabu. Mimi nimeona ripoti nzuri ya taasisi moja ikikaa kabatini miaka sita, kwa Kiingereza, na vijiji vilivyohojiwa havikujua hata kwamba ilikwisha. Watafiti si watu wabaya. Hulipwa wanapoikabidhi ripoti kwa aliyeiagiza, na hapo mkataba huisha. Ukitaka waende kijijini, weka fedha yao ya mwisho kijijini.

Je, mamlaka ya hifadhi itakubali? Nadhani yaweza kukubali, kwa sababu ya faida yake yenyewe. Meneja aliyeletewa tarakimu ambazo vijiji vimezikana hana kitu mkononi. Lakini mkataba umekwisha kutiwa sahihi, na kubadili hadidu za rejea baada ya hapo huhitaji nyongeza ya maandishi ya pande mbili, yaani mamlaka na taasisi. Sisi si upande wa mkataba. Nguvu yetu ni hiyo moja, kwamba daftari ziko kwetu, na nguvu hiyo yaisha siku tutakayozitoa.

Ndugu Mwenyekiti, barua ya taasisi imenakiliwa, na nakala ziko mezani kwa Katibu, moja kwa kila chama cha msingi. Hadidu za rejea zenyewe hazikuambatishwa; tumeziomba kwa maandishi na bado hatujazipata. Mwakilishi wa taasisi ameahidi kufika kesho saa nne asubuhi. Naomba hoja ya saba isipigiwe kura kabla hajazisoma hapa mbele ya wajumbe, na makatibu wa vyama vilivyo mpakani waje na idadi ya kaya zilizo ndani ya kilomita moja ya mpaka, kwa kitongoji, ili tujue tunamsikiliza kwa niaba ya watu wangapi. Niko tayari kwa maswali.